Sentensi moja, kutoka Mbezi mpaka Amu

Sentensi yenyewe ni hii: "Njoo mwanangu, unywe maji, njia ni ndefu." Maneno saba tu. Nilipewa kwenye mchezo wa redio, nicheze mama wa Lamu anayemuaga mwanae, nikairekodi vizuri kabisa kwa masikio yangu, nikapokea hela yangu nikaenda nyumbani, na wiki mbili baadae dairekta akanitumia ujumbe wa msikilizaji mmoja aliyesema huyo mama si wa Lamu, huyo mama ni mtu wa Dar aliyewahi kwenda Zanzibar harusini. Sikulala ile siku. Sio kwamba nilikasirika, ni kwamba alikua sahihi.

Mimi kazi yangu ni sauti. Nimeanza kwenye tamthilia za Kituruki na za Kihindi, zile mnazoziona zinaongea Kiswahili, unakaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, hedfoni masikioni, unamtazama mdada wa Istanbul anafungua mdomo na wewe unatakiwa ufungue pamoja nae na ufunge pamoja nae. Kiswahili chetu kina silabi nyingi, yeye anamaliza wewe bado uko katikati, kwahiyo unajifunza kubana, kukimbia, kuficha neno nyuma ya bega lake akigeuka. Nilivutiwa na hii kazi tangu 2011 TBC walipoanza kuonyesha ile tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, mimi niko Mwanza, mtaa mzima tunashangaa Mchina anaongea kama mwalimu wetu. Ila hata kipindi kile kitu kilichonikaa kichwani ni kwamba wote wanaongea sawa. Bibi wa kijijini na bosi wa kampuni, Kiswahili kilekile kimoja kama wamezaliwa chumba kimoja.

Na pale wanapotofautishwa ndio panauma zaidi. Dada wa kazi anapewa lafudhi ya bara, mlinzi anapewa ya Kikurya, tajiri anapewa "sanifu". Mimi ni Msukuma, bibi yangu mpaka leo anasema balabala, na hiyo balabala yake ndiyo iliyonifundisha kuongea. Nimeshakataa nafasi mbili kwa sababu hiyo na nitakataa ya tatu.

Basi nikachukua akiba yangu nikakata tiketi ya Mombasa, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, alfajiri, begi moja na kinasa sauti kidogo kwenye mfuko wa koti. Mpango wangu ulikua mwepesi: kila nitakaposhuka nitamuomba mtu aniambie ile sentensi kama angemwambia mwanae.

Njia yote mpaka Segera nilisinzia. Muheza wakapanda wauza machungwa, nikanunua, na mama aliyekaa pembeni yangu, mtu wa Tanga mjini, tukaanza kupiga stori. Nilipomwambia naelekea wapi na kwa nini, akasema sisi Tanga huwa tunasema "waja leo, waondoka leo". Huo msemo nimeusikia maisha yangu yote, upo mpaka kwenye migongo ya magari, lakini ndio mara ya kwanza nikausikiliza. *Waja*. Sio unakuja. Msemo umeuhifadhi wakati wa kitendo ambao kwetu huku umebaki zaidi kwenye mashairi na vichwa vya habari, na mimi nilikua napita juu yake kila siku. Nikamuomba sentensi yangu, akaisema taratibu, maneno yaleyale kama ya kwangu lakini mwisho wa "mwanangu" ukapanda kidogo kama anayeuliza. Nikarekodi. Hiyo ikawa ya kwanza.

Horohoro tukashuka kugonga paspoti, tukavuka upande wa Lungalunga, na hapo hatua chache tu Kiswahili kinabadilika nguo. Afisa wa kwetu kaniambia "naomba paspoti yako dada," wa upande wa pili kaniambia "leta paspoti." Wenzangu kwenye basi wakasema huyu mkali. Hapana, sio mkali, alikua anatabasamu kabisa, ni vile tu Kiswahili cha Kenya bara hakibebi hiyo "naomba" kila mahali, upole wake unakaa kwenye sauti. Hili jambo watu wa sauti tunalikosea sana, tunadhani adabu ni maneno tu.

Tukavuka kivuko cha Likoni jioni, watu wamejaa, upepo wa bahari. Mombasa nilikaa siku tatu na nilipanga moja.

Nilifikia kwa shangazi wa rafiki yangu, Mji wa Kale, sio mbali na Fort Jesus. Asubuhi ya kwanza mahamri na mbaazi za nazi, na hapohapo mezani masikio yakafunguka: "wenda wapi?", "yuwaja sasa hivi", "ndoo uketi". Yaani ile *waja* ya kwenye msemo wa Tanga huku ni lugha ya kuagizia chai. Sentensi yangu shangazi akaisema hivi: "Ndoo mwanangu, unwe maji, ndia ni ndefu." Njoo imekua ndoo, njia imekua ndia, kunywa imekua kunwa. Mchele kwa wazee ni mtele, kichwa ni kitwa, macho ni mato. Nikaandika yote nikajiona nimemaliza, nikayarudia yote mbele yake kwa kujiamini, akatikisa kichwa. Hajasema kitu, katikisa tu.

Aliyenielekeza ni mzee muuza samaki. Aliniuliza, mwanangu, kaa ni nini? Nikasema yule wa baharini. Akasema hapana, hivyo ulivyosema ni kaa la moto. Akanishika mkono akauweka mbele ya mdomo wake akasema neno la kwanza, kiganja kikavu. Akasema la pili, nikasikia pumzi imenigonga kiganjani. Hiyo yenye pumzi ndio ya baharini. Akaendelea na paa: paa la nyumba halina pumzi, paa wa porini anayo. Nilisimama pale na harufu ya samaki nadhani nusu saa nasema kaa, kaa, paa, paa, mkono mdomoni, na watu wanapita.

Kwa mtu mwingine hiki ni kitu kidogo. Kwangu kilikua kikubwa kwa sababu miaka yangu yote ya studio nimefundishwa kuiua hiyo pumzi. Inapiga maiki, inatoa mlio wa "pu", fundi mitambo anakusimamisha anasema rudia, meza pumzi, na mbele ya maiki kuna kile kitambaa cha kuizuia isifike. Mimi ni hodari wa kuimeza, nasifiwa kwa hilo. Kumbe ninachokimeza huku ni maana ya neno. Sasa nikaelewa shangazi alikua anatikisa kichwa kwa nini, herufi zangu zilikua za Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na pumzi ilikua ya studio.

Jioni ile kwenye kahawa chungu wazee wakaniambia habari ninayoijua ila sikuwahi kuisikia kwa uchungu ule, kwamba 1928 ulifanyika mkutano hapahapa Mombasa na ukaamua Kiunguja ndio kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Yaani Kimvita kilishindwa nyumbani kwake. Na kilikua na watu wake, maana Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, aliandika cha huku, ila Steere, askofu Mwingereza aliyekua Zanzibar, akaandika cha kule, na cha kule ndicho kikaenda mashuleni. Mzee mmoja akasema, sisi tuliambiwa tunakosea kwa lugha ya mama zetu. Nilimfikiria bibi na balabala yake. Sikuona tofauti.

Basi la Lamu, wenyewe wanaiita Amu, linaondoka mapema. Malindi, Garsen, ukivuka mto Tana nchi inakua kimya, Witu, Mpeketoni, vituo vya polisi unashuka unaonyesha kitambulisho unapanda tena. Mokowe barabara inaisha, unaingia kwenye boti, na mji unaonekana juu ya maji, mweupe, punda wamesimama pwani kama wanasubiri mtu.

Nilipanga chumba Langoni kwa bibi mmoja mjane, umri wake ni wa bibi yangu. Siku ya kwanza nilimuelewa nusu. "Keti tini." "Ina lako nani?" "Yana ulilala wapi?" Mombasa jana bado ni jana na maji bado ni maji, huku ile j imelainika imekua y au imepotea kabisa, jana ni yana, moja ni moya, maji ni mai. Vyombo ni zombo. Sentensi yangu aliisema bila kufikiri, anakosha sufuria: "Ndoo mwanangu, unwe mai, ndia ni ndefu." Halafu akacheka, akaniuliza, huyo mama yuko wapi na mtoto yuko wapi? Nikamwambia mtoto yuko nje mama yuko ndani anamuita. Akasema aa, hapo ndipo umeharibu, mbona wewe wapiga kelele?

Akanitoa nje kunionyesha. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba punda wawili hawapishani vizuri, kuta nene za mawe, juu kuna wikio, kile chumba cha daraja kinachounganisha nyumba mbili. Kila nyumba ina daka lake pale mlangoni. Akaniambia nenda kule mwisho nikuite. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mezani, na ikanifikia nzima, imebebwa na kuta. Mimi pale studio nilimchezesha mama anayeita kwenye uwanja wa Kisukuma, mtu yuko ng'ambo ya shamba na upepo unakula maneno. Ule ndio uitaji niliolelewa nao, nikauvalisha maneno ya Kiamu.

Tulifanya hivyo siku nne, asubuhi na baada ya alasiri. Yeye dakani mimi mwisho wa kichochoro, halafu tunabadilishana. Watoto wa jirani wakaja kunisahihisha pia, ingawa wao wenyewe wakirudi shule wanasema maji. Bibi hilo linamuuma, aliniambia mjukuu wake anamuelewa lakini anamjibu kwa cha shuleni. Akataka nae nimfundishe salamu ya kwetu, nikamwambia *mwangaluka*, akairudia mpaka ikakaa, na kila asubuhi akawa ananigongea mlango nayo. Ameitamka vizuri kuliko mimi nilivyoitamka "mai".

Nimerudi Dar. Nikamuomba dairekta nirekodi upya bila malipo, nikasogea mbali na maiki kidogo ili pumzi ipite, fundi akanisimamisha mara mbili nikamuomba aache. Nikamtumia bibi kupitia simu ya mjukuu wake. Siku mbili kimya, ya tatu ikaja sauti yake, nyuma jogoo anawika: "Mwangaluka, mwanangu. Nimekusikia. Umefika Mokowe, Amu huyafika."

Nimeshauliza nauli. Ramadhani ikiisha naenda, na mara hii sina tarehe ya kurudi kwenye tiketi.