Kerneli moja, fimwea za kila umri: nilivyozimudu Mwanza

Kompyuta za Mwanza ni za kila umri. Ukiingia kwenye fremu za mafundi Makoroboi au Kirumba utakuta desktopu iliyostaafu ofisini Ulaya miaka mingi iliyopita, na pembeni yake laptopu iliyotoka juzi. Mimi natunza kerneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya prosesa za biti 64, tunayoitumia kufundishana na vijana wa chuo huku Nyegezi. Vijana huja na mashine yoyote waliyojaliwa, na kerneli inatakiwa iwake kwenye zote.

Kinachosumbua ni ACPI, yaani makubaliano ya jinsi fimwea (programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe, inayoiwasha) inavyoiachia kerneli majedwali kwenye kumbukumbu: prosesa ziko ngapi, mashine izimwe vipi, saa iko wapi. Toleo la kwanza lilitolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Tangu 2013 makubaliano hayo yanatunzwa na UEFI Forum, muungano wa kampuni za kompyuta. Matoleo mapya huja, lakini mashine iliyokwisha kuuzwa hubaki na majedwali yake, na mtumba hauishi sokoni.

Hatua iliyonipa nafuu kubwa ni kuacha kuliuliza jedwali toleo lake na kuanza kuliuliza urefu wake. Chukua FADT, jedwali lenye maelezo ya msingi ya mashine. Toleo 1.0 lilikuwa na baiti 116, kuanzia 2.0 zikawa 244, 5.0 ikafika 268, na 6.0 ikafika 276. Fimwea nyingine hutangaza toleo jipya ilhali jedwali lenyewe ni fupi. Kwa hiyo natenga nafasi ya umbo refu kuliko yote, naijaza sifuri, kisha nanakili baiti zile tu ambazo jedwali linasema linazo. Sehemu isiyokuwepo inabaki sifuri, na kerneli inajua haikupewa.

MADT, lenye orodha ya prosesa, nalisoma vivyo hivyo. Kila ingizo huanza na baiti ya aina na baiti ya urefu. Aina nisiyoifahamu nairuka kwa urefu wake bila kelele. Ila urefu ukiwa sifuri, au ukivuka mwisho wa jedwali, nasimama hapo hapo, la sivyo kitanzi kitazunguka hadi Kamanga. Hata ramani ya kumbukumbu ya UEFI, mfumo wa fimwea za kisasa, ina desturi hii: fimwea hukuambia kila ingizo lina ukubwa gani, na hupaswi kutumia ukubwa wa umbo (struct) uliloandika mwenyewe kwa lugha ya C. Umbo langu lina baiti 40, fimwea nyingi hurudisha 48. Waliobuni waliacha nafasi ya kuongeza mambo baadaye.

Ugumu ulikuwa pale ambapo urefu hausemi kitu. Toleo 6.3 liliipa maana biti moja ndani ya ingizo la prosesa ambayo zamani ilikuwa akiba, yenye sifuri. Sasa biti hiyo husema kama prosesa iliyozimwa inaweza kuwashwa mashine ikiwa inafanya kazi. Jedwali halikuongezeka hata baiti moja. Laptopu mpya zilikuwa zinaniorodheshea prosesa hewa nyingi, na kerneli ikizitengea kumbukumbu zote. Nikiitii biti hiyo kwenye mashine za zamani, prosesa zote zilizozimwa zitaonekana haziwezekani kuwashwa, kwa sababu tu fimwea yao haikuijua biti hiyo. Hapo toleo halina budi kuulizwa, ila swali ni toleo la jedwali lipi. Linux ilianza kwa kuangalia toleo la MADT, 5 kwenda juu, maana 6.3 ndiyo iliyoleta MADT toleo 5. Kumbe marekebisho ya ACPI 6.2 yaliandika MADT kuwa toleo 45! Kwa hesabu ya kawaida 45 ni kubwa kuliko 5, na mashine za 6.2 zikahesabiwa kuwa za 6.3. Mwaka 2023 wakahamia kwenye namba kubwa na ndogo ya toleo iliyomo ndani ya FADT. Nami nimefanya hivyo hivyo.

Haya yote nisingeweza kuyajaribu kwa kompyuta yangu peke yake. Nikaenda kwa mzee mmoja anayeuza mtumba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Leo unanunua au unapiga picha tena?”

Picha anazosema ni acpidump. Nachomeka flashi yenye Linux, nawasha, nakusanya majedwali, nazima. Hainichukui muda, na yeye hupata uhakika kwamba mashine inawaka. Jedwali moja siliweki: MSDM, ambalo hubeba ufunguo wa leseni ya Windows. Hiyo ni mali ya mwenye mashine. Mengine naingiza kwenye maktaba yangu, na kila nikigusa msimbo wa kusoma majedwali, programu ndogo huyapitia yote kwenye laptopu yangu, hata umeme wa mtaani ukiwa umekatika.

Upande wa AML, ule msimbo wa fimwea unaoendeshwa ndani ya kerneli, sikujitia ushujaa. Natumia ACPICA, msimbo huria ulio tayari wa kushughulikia ACPI, na siigusi ndani. Mabadiliko yangu yote yako kwenye tabaka jembamba linaloiunganisha na kerneli, hivyo toleo jipya likija nalibadilisha bila kulia. Fimwea ikiuliza kwa _OSI, njia yake ya kuulizia mfumo endeshi, kama mimi ni “Windows 2015”, najibu ndiyo, kama Linux inavyofanya. Si uungwana sana, lakini fimwea nyingi zimejaribiwa kwa Windows tu, na njia nyingine zilizoandikwa humo hakuna aliyewahi kuzipita.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba mashine ile ile hubadilika fimwea yake ikisasishwa. Kwa hiyo majina ya mafaili yangu yana tarehe ya fimwea, na nakala ya zamani siifuti. Kulala kwa S3, yaani mashine kusinzia huku kumbukumbu ikibaki na umeme, nimekuacha kabisa. Laptopu nyingi mpya hazina tena hali hiyo, na vijana wangu huzima mashine tu wakiwahi daladala ya Buhongwa.