Nilivyoileta teknolojia ya jeni maabarani kwetu, baada ya kuiua mara mbili

Kila niliyemwomba ushauri alinipa jibu lile lile: anzeni na hati ya maelewano. Basi tukaanza nayo. Wakuu wa taasisi mbili wakakaa meza moja, vibendera viwili katikati, wakasaini kwa kalamu zinazong'aa, tukapigwa picha. Miezi kumi na minne baadaye picha ile ndiyo ilikuwa tunda pekee la ushirikiano. Na mimi niliyesimama safu ya nyuma nikichekea kamera ndiye niliyekuwa nimeandika ombi la fedha, nikaahidi kwamba ndani ya miaka miwili maabara yetu ya umma itakuwa inapandikiza jeni kwenye muhogo kwa mikono yake yenyewe.

Tumeweza. Ila ilichukua minne, na naandika haya ili mtu mwingine asianzishwe safari kwa hati ya maelewano.

Njia yenyewe si siri. Inamtumia Agrobacterium, bakteria wa udongo ambaye kwa asili yake hupenyeza kipande cha DNA ndani ya mmea. Wanasayansi walimwondolea jeni zinazoleta uvimbe, wakambebesha mzigo wanaoutaka wao. Kwa muhogo njia hiyo imechapishwa tangu miaka ya 1990. Makala zote nilikuwa nazo, nimezipigia mstari kwa rangi tatu. Nikadhani tulichopungukiwa ni plasmidi tu, ile DNA ya duara inayobeba mzigo, na plasmidi hiyo ilikuwa kwa profesa mmoja ng'ambo aliyenijibu ndani ya saa moja: nakutumia wiki hii.

Wiki hiyo ilikuwa na miezi saba. Profesa hakuwa mwongo, alisahau tu kwamba plasmidi si yake. Ni ya chuo, na chuo kina ofisi ya uhamishaji wa teknolojia iliyojaa wanasheria. Vyuo vya Marekani vilizidi kushikilia vitu hivi baada ya sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, iliyoviruhusu kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali, na nchi nyingine zikaiga. Ofisi ikatuletea mkataba wa kurasa kumi na moja. Mwanasheria wetu, ambaye siku nyingine hushughulika na zabuni za uzio na magari, alikaa nao miezi mitatu akaurudisha amesahihisha nukta na mikato. Nikausoma mwenyewe usiku mmoja, nikaikuta ibara ya tisa: maboresho yoyote tutakayofanya ni mali yao. Yaani tuhangaike miaka na muhogo wetu, halafu mmea uwe wao!

Nikabishana nao kwa barua pepe miezi miwili, Kiingereza changu kikizidi kuwa na hasira na kupungukiwa na sarufi. Ndipo dada mmoja wa idara jirani, aliyewahi kuagiza plasmidi kutoka Addgene, ile hazina isiyo ya faida iliyoanzishwa mwaka 2004, akaniuliza, "Kwani kaka, ule mkataba wa kawaida una ubaya gani?" Mkataba gani? Kumbe upo wa mfano, uliochapishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya taasisi zisizo za kibiashara, maarufu kwa kifupi cha UBMTA. Humo aliyepokea ndiye anayemiliki marekebisho aliyoyafanya, isipokuwa ile sehemu ya nyenzo ya mwanzo iliyobaki ndani yake. Chuo chao kilikuwa kwenye orodha ya waliokwisha kuukubali. Nikawaandikia sentensi mbili: masharti haya mmewapa wengine, nasi tunaomba hayo hayo. Saini ikaja baada ya siku tisa. Miezi yote ile nilikuwa nashona nguo iliyokuwa imeshashonwa.

Ila mkataba ule ni wa utafiti na ufundishaji. Haukuruhusu kugawa miche kwa wakulima. Hilo ni zungumzo jingine, na mimi nilichelewa kulianza, kwa hiyo wewe lianze sasa hivi.

Kwa habari ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, nusura niache mradi. Kwenye semina mtaalamu mmoja alitutisha kwa kisa cha Golden Rice, mchele wenye beta-karotini uliotengenezwa na kina Ingo Potrykus na Peter Beyer: mwaka 2000 ukaguzi ulikuta hataza zipatazo 70 zinazougusa, mikononi mwa wamiliki zaidi ya 30. Akaishia hapo, tukatoka tumenywea. Nusu ya pili ya kisa hakuisema. Hataza ni ya nchi moja moja. Mahali isipoombwa haipo, na katika nchi nyingi zinazoendelea nyingi kati ya zile hazikuwahi kuombwa. Tena wenye hataza muhimu walitoa leseni za bure kwa matumizi ya kibinadamu. Nikakaa jioni nne na hifadhidata za bure, Espacenet na The Lens, nikifuatilia plasmidi yetu kipande kwa kipande. Nyingine zilikwisha kutimiza miaka 20 zikafa, mbili hazikuombwa kwetu kabisa, ikabaki moja ya kuombea ruhusa. Mshauri wa nje alitaka kuifanya kazi hiyo kwa fedha za kununulia mashine nzima.

Kibali cha kamati ya usalama wa viumbe kilipatikana, hapo sina hadithi. Hadithi iko kwenye kifurushi.

Washirika walisema watatuma bakteria wenye plasmidi tayari, wamegandishwa, ndani ya barafu kavu. Nikajisikia mkubwa. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyoganda, ubaridi wake nyuzi hasi 78, na haiyeyuki bali hugeuka hewa moja kwa moja. Sanduku lilifika Ijumaa alasiri. Wakala wa forodha akanipigia: "Daktari, hapa fomu imeandikwa bakteria. Afisa anauliza ni ugonjwa gani." Nikaeleza. Akataka barua. Nikaandika. Ikatakiwa barua itoke kwa aliye juu yangu, na aliye juu yangu alikuwa safarini, kwenye mkutano wa kuimarisha ushirikiano wa kimataifa. Jumatatu ikawa sikukuu. Jumatano nikakabidhiwa sanduku, nikalifungua mbele ya vijana wangu wote kama zawadi. Barafu ilikuwa imekwenda zake hewani bila hata kulowesha kadibodi. Vichupa vitano vilikuwa na joto la chumba, na vyote vilikuwa vimefunguliwa kukaguliwa kisha vikafungwa tena kwa uangalifu mkubwa na mtu asiye na glavu. Nikawapanda bakteria wale kwenye sahani hivyo hivyo, kwa ubishi tu. Kilichoota ni ukungu wa kijani, mzuri sana, wenye manyoya.

Nilikuwa natunga barua ya kuomba sanduku la pili, na fedha zake, wakati mzee mmoja fundi wetu, aliyebakiza miezi michache astaafu, alipochungulia mlangoni. "Mwanangu, DNA haitaki baridi," akasema. "Inataka ukavu."

Akanifundisha mbinu ambayo walimu wangu wote hawakunifundisha. Mwenye plasmidi anadondosha tone, mikrolita kumi hivi, kwenye karatasi ya chujio, anazungushia duara kwa penseli (wino utatiririka), anaacha likauke, anatia kwenye bahasha. Bahasha ya kawaida, ya posta! Ukiipata unakata duara, unaliloweka kwenye maji safi kidogo ndani ya kichupa, unasubiri dakika chache, unachukua yale maji na kuwapa bakteria wa maabarani waipokee DNA. Kwa kuwa Itifaki ya Cartagena, makubaliano ya kimataifa ya usalama wa viumbe yaliyoanza kutumika mwaka 2003, inahusu viumbe hai vilivyobadilishwa, na tone kavu la DNA si kiumbe hai, barua moja ya kueleza kilichomo ilitosha. Barua hiyo niliiandika kwa uwazi, nakala kwa kamati. Usije ukasema nimekufundisha kupitisha vitu kwa magendo, na sheria za kwenu zisome mwenyewe. Bahasha ilikaa njiani wiki tatu, pengine juani. Tulipoipata tukafanya hivyo, na kesho yake asubuhi sahani ilikuwa na makoloni thelathini na saba, yaani vidoa vya bakteria walioipokea DNA. Niliyahesabu mara tatu, halafu nikamwita mzee naye ayahesabu.

Basi nikaiua teknolojia mara ya pili, na safari hii hapakuwa na forodha ya kulaumu.

Kabla ya kuingiza jeni, muhogo unatakiwa ukuzwe kwenye chupa mpaka utoe tishu laini ya viinitete inayomomonyoka. Makala inasema: hamisha tishu kwenye chakula kipya kila baada ya wiki tatu. Tukahamisha. Mwaka mzima tulihamisha. Tulikuwa na mamia ya sahani zenye mabonge yanayonawiri, nami nikaripoti kwa wafadhili kwamba kazi inasonga. Jeni ikaingizwa, dawa ya kuchuja, inayoua tishu isiyopokea jeni, ikawekwa, kila kitu kikawa kahawia. Mara nane. Profesa akitazama picha zetu alisema zinaonekana sawa. Baadaye nilitambua kwamba profesa hajashika koleo la maabara kwa miaka mingi.

Aliyetuokoa ni dada mmoja fundi wa maabara yake, ambaye jina lake sikuwahi kuliona kwenye makala yoyote. Nikaibana simu kwenye jicho la hadubini kwa mpira wa kufungia nywele ili aone moja kwa moja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tupa." Nikauliza tutupe zipi. "Zote."

Nikafuta safari yangu ya kongamano kwenye bajeti, nikamlipia yeye nauli. Alikaa wiki mbili. Siku ya kwanza hakufundisha, alituangalia tu tukifanya kazi, na lile jicho lake nalikumbuka hadi leo. Kumbe katika kila bonge tishu yenye thamani ni punje chache, manjano iliyopauka, zinazoachana kama mchanga mkavu. Unazidokoa hizo na kutupa asilimia kubwa iliyobaki. Sisi tulikuwa tunalea kila kitu, na vile vilivyonawiri zaidi ndivyo visivyofaa. Agari nayo, ile jeli ya kugandishia chakula cha tishu, ilikuwa si aina inayotakiwa, tulinunua ya rahisi kwa sababu zabuni ilitaka rahisi. Na tishu yetu ilikuwa imezeeka. Hayo yote hayamo kwenye makala, au yamo kwa maneno matatu usiyoweza kuyaona kama hujui unachotafuta. Vijana wangu walirekodi mikono yake, si uso wala maelezo, mikono tu, saa sita za video. Ukipata nafasi ya kumleta mtu mmoja, mwache profesa, mlete mwenye mikono.

Miezi tisa baadaye tulipata miche yetu ya kwanza kwenye aina ya majaribio inayoitwa 60444, ile ambayo karibu kila maabara ya muhogo huanzia. Aina yetu wenyewe ilichukua mwaka mwingine, kwa kubahatisha kipimo cha homoni, na kwenye hilo naomba nijisifu kidogo: hakuna aliyetufundisha.

Sasa washirika wameandika wanataka aina hiyo pamoja na video zetu. Nimewaambia muhogo umo kwenye orodha ya Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea, mkataba wake wa kawaida wa kuhamisha nyenzo upo, wausaini kama tulivyousaini wa kwao. Wamekubali siku hiyo hiyo. Mkurugenzi alipopata nakala akaniuliza kama tuna hati ya maelewano na watu hao. Tunayo. Hata kalamu iliyoisaini iko mezani kwangu, bado inang'aa, haiandiki.