Siku moja maishani mwangu: klachi mbili na tajiri mmoja, Tanga

Saa 12:40 asubuhi. Nafungua kontena la vifaa. Gereji yetu iko Majani Mapana, kiwanja cha kupanga chenye mwembe mmoja, na chini ya mwembe ndiyo ofisi. Saidia fundi ameshatandika maboksi ya kulalia. Chai ya rangi, vitumbua viwili, kazi.

Saa 1:15. Pikapu ya Hilux inaingia ikijikokota gia ya pili. Mwenyewe ni mama anayeleta machungwa mjini kutoka Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gia haziingii. Kuna fundi kaniambia klachi imekufa, nitafute laki tatu."

Nazima injini, najaribu gia: zote zinaingia laini. Nawasha, zinagoma, na rivasi inasaga. Maana yake klachi haiachi, yaani haitengani na injini ukikanyaga pedeli, na hilo ni tatizo tofauti kabisa na klachi iliyoisha. Pedeli nayo inashuka hadi sakafuni bila ubishi wowote, lakini ukiipiga mara nne tano inapata nguvu kidogo na gia ya kwanza inakubali. Hapo sihitaji kushusha kitu. Kikopo cha klachi, kinachojazwa oili ya breki, kiko karibu tupu. Naingia chini, nafunua rababu ya silenda ya klachi pale ubavuni mwa giaboksi: imelowa chapachapa.

Rababu 12,000, oili 8,000, ufundi 20,000. Tunasafisha silenda, tunatoa upepo, saidia fundi akikanyaga nami nikifungua nati. Mama ananiuliza mara tatu kama kweli giaboksi haishuki. Haishuki, mama. Analipa taslimu na kutuachia machungwa.

Saa 3:00. Sasa Hiace ya abiria, injini ya 5L. Dereva, kijana mchangamfu, amejitibu mwenyewe kwa maneno: "Fundi, haina nguvu. Nadhani nozeli za dizeli."

Namuuliza ikipanda mlima inakuwaje. Anasema injini inapiga kelele, gari haiendi. Harufu je? "Ee, kama kitu kimeungua, ila nilidhani ni breki." Navuta breki ya mkono, naweka gia ya nne, naachia klachi taratibu huku nikiongeza mafuta kidogo. Gari yenye klachi nzima inazima papo hapo. Hii inaendelea kunguruma kama haijaambiwa kitu. Nazima haraka, maana jaribio hili ukilirudiarudia unamalizia kuunguza hicho kilichobaki. Mapema nilikuwa nimekanyaga pedeli na kusikiliza: mlio mwembamba unakuja mguu ukishuka, unaondoka mguu ukitoka. Hiyo ni beringi ya rilizi, ile inayosukuma presha ili klachi iachie, nayo inaaga.

Saa 3:40. Simu kwa tajiri, mwenye gari, spika wazi ili dereva asikie, kwa sababu hapa ndipo maneno huzaliwa.

"Bosi, shikamoo. Klachi inateleza, giaboksi inashuka."

"Marahaba. Si ubadilishe pleti tu?"

Swali hili nalijua. Namweleza: kazi kubwa ni kushusha na kupandisha, na hiyo ni 80,000 uweke pleti peke yake au seti nzima. Beringi ikifa mwezi ujao utalipa 80,000 nyingine. Seti mpya (pleti, presha na beringi) 220,000, oili ya giaboksi 25,000, kuchonga flaiwili (lile gurudumu zito la injini linaloshikwa na pleti) 30,000. Jumla 355,000, "na hiyo ni hesabu ya kabla ya kufungua, bosi." Sentensi hiyo naisema mbele ya shahidi siku zote. Ananung'unika, anauliza ya mtumba. Ipo, ni nafuu, lakini hakuna ajuaye imebakiza maisha gani, na kwa gari ya hesabu ya kila siku mimi siishauri.

Anatuma 275,000 za vifaa. Bila pesa ya kutolea, bila shaka.

Saa 4:30. Propela chini, stata pembeni, waya za gia zimefunguliwa. Bolti mbili zimeshikwa na kutu. Hewa ya chumvi ya mji huu haina huruma na chuma. Tunazilowesha, tunasubiri, tunazigonga. Giaboksi inashuka karibu saa 6.

Pleti imeisha hadi ripiti zimeanza kukwaruza flaiwili. Lakini kinachonikera ni ule unyevu mweusi: oili ya injini. Sili ya nyuma ya kranki inavuja. Ukifunga klachi mpya juu ya oili, itateleza tena na jina litakaloharibika ni langu. Napiga picha, namtumia tajiri. Kimya. Sili ni 15,000, nanunua kwa pesa yangu.

Saa 8:00. Flaiwili iko kwa mchongaji. Wali, maharage, dagaa. Usingizi wa dakika chache.

Saa 9:15. Kufunga. Pleti naiweka katikati kwa kipande cha shafti ya giaboksi ya zamani. Bila hivyo giaboksi itakataa kuingia na mtasukumana nayo hadi magharibi. Bolti za presha zinakazwa kwa kupishana, kidogo kidogo.

Saa 11:20. Tunaijaribu hadi karibu na Kange na kurudi. Gia laini, haitelezi, mlio umekwisha. Namwambia dereva aondoe mguu juu ya pedeli anaposubiri abiria. Anacheka. Ataurudisha.

Saa 12:10 jioni. Tajiri mwenyewe amekuja. Namkabidhi vyuma vya zamani kwenye kiroba, namwonyesha pleti iliyolowa oili. Anaigeuza, anainusa, halafu: "Hii 15,000 hatukukubaliana." Dereva anaingilia, "Bosi, fundi alisema kabla ya kufungua." Kati ya 95,000 zilizobaki (ufundi na sili) anatoa 60,000, 35,000 itatoka kwenye hesabu ya kesho na keshokutwa, na dereva ndiye ataileta.

Natoa 15,000 yangu ya sili. Saidia fundi 15,000, kiwanja 5,000. Inabaki 25,000, na 35,000 iliyoandikwa kwenye daftari chini ya namba ya gari, dereva akiwa ameshuhudia.