Kaseti inayofunguka

Kaseti ya gemu ya kwanza niliyoivunja ilikuwa ya manjano, ina stika ya "9999 in 1". Mwaka 1998 huo, nipo darasa la tano, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Ilikuwa imeanza kuonyesha vimraba vya rangi badala ya gemu. Tukaipuliza, tukaisugua kwa ufutio, tukaipuliza tena, wapi. Kaka yangu alipotoka nikachukua kisu cha jikoni nikaichokonoa mpaka ganda likapasuka. Nilidhani nitakuta vitu vingi, si gemu elfu tisa zile? Nikakuta kipande cha bodi chembamba kama biskuti na katikati yake tone jeusi limeganda kama lami. Basi. Nilimpelekea fundi redio wa mtaa wa pili. Akaligonga lile tone kwa ncha ya bisibisi, akanirudishia. "Mwanangu, hii haina pa kuanzia."

Mashine yenyewe alituletea baba mdogo kutoka Maskati miaka miwili kabla. Kwenye boksi imeandikwa jina moja, juu ya mashine jina jingine, lakini ndani ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ya gemu ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani Julai 1983. Watu wa rika langu wengi hawajawahi kuishika Famicom halisi, ila nakala zake wamezicheza mpaka vidole gumba vikaota sugu. Na zile elfu tisa zilikuwa gemu chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti, nyingine zinaanzia hatua ya tatu, nyingine ya tano. Tulijua, na tuliipenda hivyo hivyo.

Sasa mchana natengeneza inveta za sola, na usiku, umeme ukiwepo, natengeneza kaseti. Mwaka jana nilimaliza ya kwanza yangu mwenyewe, na nataka kueleza ilivyo, kwa sababu kila ninayemwonyesha anadhani ni jambo la wahandisi wa Japani. Siyo.

Mlango wa kaseti wa mashine hizi una pini 60, na siri yote iko kwenye mgawanyo wake. Pini hizo zinabeba njia mbili: moja inakwenda kwenye ubongo wa mashine, nyingine inakwenda moja kwa moja kwenye chipu inayochora picha. Kwa hiyo kaseti ya kawaida ina chipu mbili, moja ya programu na moja ya michoro. Kaseti za mwanzo kabisa zilibeba mpaka kilobaiti 32 za programu na 8 za michoro. Jumla 40, hakuna zaidi. Picha moja unayotumiwa WhatsApp inazidi hapo.

Nikanunua chipu mbili za fleshi, zile zinazofutika na kuandikwa upya: SST39SF040 yenye kilobaiti 512 kwa ajili ya programu, na ndugu yake mdogo SST39SF010 yenye kilobaiti 128 kwa ajili ya michoro. Piga hesabu: 512 gawa kwa 32 ni 16. Na 128 gawa kwa 8 ni 16 vilevile. Siku nilipoliona hilo nilisimama jikoni na sahani mkononi. Gemu 16 zinaenea bila kubaki baiti hata moja, na cha kuchagulia ni swichi nne ndogo tu, kwa sababu swichi nne zina namna 16 za kukaa. Hakuna menyu, hakuna programu ya ziada. Kila swichi inashika mguu mmoja wa anwani (unaoiambia chipu isome sehemu ipi) wa chipu ya programu pamoja na mguu mmoja wa chipu ya michoro, na rezista ya kilo-omu 10 inauvuta mstari juu swichi ikiwa wazi.

Nikaongeza swichi ya tano. Mashine ina kumbukumbu ya picha ya kilobaiti 2, inayotosha skrini mbili, na kaseti ndiyo inayoamua kama skrini hizo zikae ubavu kwa ubavu au moja juu ya nyingine. Kwenye kaseti za kiwandani jambo hilo liliamuliwa kwa tone la lehemu: ukiunganisha hapa gemu inasogea kulia, ukiunganisha pale inasogea juu. Ukikosea, mhusika anatembea huku mandhari mapya yanafuta yale yaliyo mbele ya macho yako. Kwa kuwa gemu zangu ni mchanganyiko, nikaweka swichi.

Bodi nilichora kwa KiCad, programu ya kompyuta ya bure, nikaagiza tano kiwandani. Hapa ndipo nilipofanya kosa linaloniuma mpaka leo. Fomu ya kuagiza huwa imeshajazwa unene wa milimita 1.6, nami sikuubadilisha. Bodi za kaseti hizi zina milimita 1.2. Tofauti ni unene wa ukucha. Bodi zilipofika niliingiza moja kwenye mashine ya baba mdogo, ile ile ya mwaka 1996, nikaona inabana, nikasukuma. Ikaingia. Ikawaka pia! Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Nilipoichomoa na kurudisha kaseti ya zamani, skrini ikabaki kijivu. Nikarudia. Kijivu. Bodi yangu nene ilikuwa imezilaza springi za mlango, na kaseti nyembamba haziguswi tena.

Nililala na donge kooni. Kesho yake nilifungua mashine, nikawasha taa ya kichwani, nikachukua sindano ya kushonea magunia. Springi zipo 60, thelathini kila upande, kila moja nyembamba kama unywele wa farasi. Unaingiza ncha nyuma yake, unaivuta mbele kidogo, unaachia, unatazama kama imesimama sawa na mwenzake. Ukivuta sana inakatika na hakuna ya kubadilishia. Nyingine zilikuwa na kutu ya kijani, maana huku kwetu hewa ya bahari haisamehe shaba, hizo nikazisugua kwa pamba yenye spiriti. Nilianza baada ya chai ya asubuhi, nikasikia adhana ya alasiri nikiwa springi ya hamsini na kitu. Kaseti ya zamani iliwaka mara ya kwanza. Bodi zile tano nimezitoboa na kuzitundika ukutani juu ya meza, na mpya nimeagiza kwa milimita 1.2, meno ya dhahabu, ukingo umekatwa mshazari ili uteleze.

Jambo jingine ambalo sitalinyamazia ni volti. Famicom na nakala zake zinatumia volti 5. Chipu nyingi za fleshi za siku hizi ni za volti 3.3. Anayejali kazi yake huweka kati yao chipu ya kupunguza volti, na nyingine za kutafsiri ishara kutoka 5 kwenda 3.3 na kurudi. Nimefungua kaseti mbili za bei rahisi za mtandaoni na sikukuta hata moja. Chipu ya 3.3 imelishwa 5 moja kwa moja. Inacheza, ndiyo. Lakini chipu inateseka, na mashine inayosukuma ishara kwenye chipu hiyo inateseka nayo, na mashine hizi hazitengenezwi tena kama zamani. Ndiyo sababu nilichagua hizo SST, ni za volti 5 tangu kuzaliwa. Kama huwezi kujenga, nunua kwa mtu anayekuonyesha bodi yake iko vipi. Kaseti za EverDrive za Krikzz wa Ukraine, kwa mfano, zinatumia chipu ya FPGA inayojigeuza kuwa aina nyingi za kaseti, na gemu unaweka kwenye memori kadi. Ni kazi ya kiwango kingine kabisa na ninaiheshimu.

Ndani ya kaseti yangu naweka gemu zipi? Zilizotengenezwa na watu walio hai wanaotaka zichezwe. Zipo nyingi kuliko watu wanavyojua. Micro Mages ya mwaka 2019 iliingizwa yote kwenye zile kilobaiti 40, watu wanne wanacheza pamoja, na faili unalinunua kihalali. Kila nikiiwasha nashangaa wameyapenyeza wapi yote yale.

Kuna kitu kimoja nilikigundua nikiwa napima. Nakala zetu zinachora picha 50 kwa sekunde kufuata tivi za huku, wakati ya Japani inachora karibu 60, na muziki wa gemu nyingi unahesabiwa kwa picha hizo. Kwa hiyo nyimbo zote tulizokua nazo zilikuwa polepole, karibu moja ya sita. Sauti ni ile ile, mwendo tu ndio mzito. Niliposikiliza ya Japani nikaona wanaharakisha. Kwangu mimi wimbo sahihi ni ule wa Ngamiani.

Pedi nazo nimezifufua. Plagi yake ina pini 9, na ndani ya pedi mna kazi ya chipu moja tu, 4021, inayokusanya vitufe vinane na kuvitaja kimoja kimoja kwa mpangilio. Chipu yenyewe ni ya bei ndogo na bado inauzwa. Bastola ya gemu sijaigusa. Inahitaji tivi ya chogo, kwa sababu inasubiri mwanga utokee sekunde ile ile, na flati huchelewesha picha. Nimeitunza tivi yangu ya inchi 14 kwa ajili ya siku hiyo.

Mpwa wangu ana miaka 11 na huja kila Jumamosi. Yeye hakuvutiwa na gemu, alivutiwa na soketi, kile kitako ambamo chipu inachomekwa. "Shangazi, kwa hiyo inatoka?" Inatoka. Aliuliza itachoka lini, nikamsomea karatasi ya mtengenezaji: inafutwa na kuandikwa mara 100,000, inatunza kilichomo zaidi ya miaka 100. Akaomba kalamu. Alichora jahazi kwenye karatasi ya hesabu, miraba 16 kwa 16, rangi tatu, tukaligawa vipande vinne vya 8 kwa 8 kama mashine inavyotaka, nikaandika programu fupi ya kulisogeza.

Kwenye tivi jahazi likaenda kinyumenyume, tanga limevimba upande usio wake. Yeye ndiye aliyeliona, si mimi. Nikazima, akang'oa chipu ya michoro kwa bisibisi nyembamba, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kama nilivyomwonyesha. Tukageuza mchoro kwenye kompyuta, tukaifuta chipu, tukaiandika upya. Akaibonyeza kwenye soketi kwa vidole gumba viwili, akapandisha swichi ya tatu, akawasha.

Likapita kutoka kushoto, upepo nyuma yake. Wiki ijayo anataka kuweka mawimbi.