Uzi wenye mafundo mawili

Mwanangu alikuwa na miaka mitano jino lake lilipoanza kucheza. Nilifurahi, nikamwambia anakua. Lakini halikuwa jino la mbele, lilikuwa gego, chini kushoto, na kila nilipompigisha mswaki lililala chini ya kidole changu kama limechomekwa kwenye ugali. La pembeni yake nalo likafuata. Magego ya utoto hungoja mpaka miaka tisa hivi ndipo yang'oke, ila mimi sikulijua hilo.

Tulikokimbilia kwanza waling'oa jino, wakatupa vidonge vya siku tano, wakasema ni jipu. Shavu lililokuwa limevimba halikushuka. Halikuwa na joto, mtoto halii, ukibonyeza ni gumu. Jirani akaja na lake: mtoto katupiwa kitu. Baba yake, ambaye hushona nyavu hapa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Mwanza, hakutaka kubishana na mtu. Alikata uzi wa nyavu, akaupitisha juu ya shavu kutoka sikioni mpaka pembeni ya pua, akafunga fundo. Jioni ya tatu akaupitisha tena. Fundo halikufika puani, lilipungua karibu upana wa kidole. Akafunga la pili. Hatukulala, na kulipokucha tulipanda daladala ya kwanza kwenda mjini, tukapanda kilima cha Bugando, ilipo hospitali kubwa.

Walichukua kinyama kidogo wakapima. Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo huku kwetu mara nyingi huanzia kwenye taya, na wengine huwaanzia tumboni. Daktari alinieleza kuwa jina hilo ni la daktari mpasuaji, Denis Burkitt, aliyeandika habari za uvimbe huu mwaka 1958 akiwa anafanya kazi Kampala. Kampala! Ng'ambo ya ziwa hili hili. Mimi niliyezaliwa ufukweni, nikaozwa ufukweni, sikuwahi kuusikia. Akasema unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, na kwa kuwa unakua mbio hivyo, dawa nazo huukamata upesi mtoto akiwahishwa. Niliyaona kwa macho yangu: baada ya dripu ya kwanza haikupita wiki, shavu likaanza kulegea. Ya katikati sitayasimulia sana. Nywele ziliisha, kulikuwa na sindano za uti wa mgongo, na miezi ya kwenda na kurudi. Sasa yuko darasa la tatu.

Nikajiapiza kwamba hakuna mama wa mwaloni kwetu, hapa mitumbwi inapotia nanga, atakayefurahia gego linalocheza kama nilivyofurahi mimi. Nilianza vibaya. Septemba ndio mwezi ambao dunia nzima huzungumzia saratani za watoto, alama yake utepe wa rangi ya dhahabu, nikaomba nafasi kwenye mkutano wa mtaa. Neno langu la kwanza likawa "saratani". Kina mama wawili wakawavuta watoto wao wasikae karibu na wangu. Mmoja akauliza kama tunachangia sahani. Na kina baba hawakuwepo, maana kilikuwa kipindi cha giza: usiku wako ziwani na taa za dagaa, mchana wamelala.

Nikajipanga upya. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu na wanaume wanakuwepo. Basi siku zangu zikawa hizo, asubuhi, wanawake wakianika dagaa na wanaume wakishona nyavu. Sikutaja ugonjwa. Nilitoa ule uzi. "Fundo hili ni Jumatatu, hili ni Alhamisi. Shavu la mtoto mmoja." Wavuvi wanaujua uzi, waliushika mmoja baada ya mwingine, wakapimia kwenye mashavu yao wenyewe. Mzee mmoja akasema jipu haliendi mbio hivyo bila kuuma. Hapo ndipo nikalitaja jina la ugonjwa, na hakuna aliyeondoka.

Ninachowaomba ni kidogo. Jioni ukimnawisha mtoto, pitisha kidole kwenye magego yake. Gego likicheza kabla ya wakati wake, shavu likijaa na kuwa gumu bila maumivu, jicho likisukumwa nje, au tumbo likivimba ndani ya siku chache, mpeleke hospitali, na ukipewa vidonge ukaona uvimbe unazidi, rudi kesho yake, usingoje dozi iishe. Na msikae mkipima kwa uzi. Sisi tumeshawapimia, na zile siku tatu zinaniuma mpaka leo.

Wanaouliza kama unaambukiza nawajibu kama nilivyojibiwa. Kuna kirusi kinachohusika, Epstein-Barr, lakini karibu kila mtoto wa huku hukipata mapema na wengi hakiwafanyi kitu, na malaria ya mara kwa mara nayo inahusishwa. Saratani yenyewe haihami kwa sahani. Nikifika kwenye malaria huwa nasema na vile vyandarua ninavyoviona vimeanikiwa dagaa. Virudi kitandani kwa watoto. Malaria peke yake ni sababu tosha.

Nilichochelewa kufanya ni kwenda kuzungumza na mganga wa kienyeji, na ndiko watoto wengi hupelekwa kwanza. Nilipita kwa mzee mmoja upande wa Kayenze. Tukasalimiana Kisukuma. "Mwangaluka, baba." "Mwangaluka, mayu," yaani mama. Nilimweleza sikuja kumgombeza wala kumnyang'anya watu wake. Nilimwomba jambo moja tu: shavu la mtoto lililovimba asilichanje, amtume mtoto hospitali siku hiyo hiyo, na nauli ikikosekana anipigie. Alinisikiliza kimya, akaupitisha uzi vidoleni mara mbili, akasema atafikiri.

Mwezi uliofuata alipiga. Alikuwa na binti wa miaka sita, shavu limejaa. Nilikwenda nao mwenyewe. Kumbe lilikuwa jipu la jino kweli, likatumbuliwa, mtoto akarudi nyumbani anakula. Niliporudi kumweleza, mzee aliinamisha kichwa. "Nimekusumbua bure, mayu."

"Hujanisumbua, baba. Hivyo hivyo, kila mara."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina uzi mwingine. Nikamkatia wake, nikafunga mafundo mawili mbele yake, kwa vipimo vile vile.