Mapepo yangu yalitolewa na chai ya rangi

Mwaka 2017 nikiwa kidato cha pili, shule ya kata moja hapa Dar (siitaji, walimu wengine bado wapo), nilidondoka mstarini. Nasimuliwa kwamba nilienda chini kama gunia, wakanivutia chini ya mwarobaini, na kabla sijafumbua macho wasichana wengine wawili nao wapo chini wanalia na kurusha miguu, kwahiyo kesi ikaishia hapo hapo, mapepo. Si mnazijua shule zetu. Akaitwa mchungaji, akaitwa na ustaadhi maana hakuna aliyejua pepo langu la dini gani, nikakemewa, nikasomewa, wapi. Aliyelitoa ni mama muuza mihogo wa getini, alikuja na kikombe cha chai ya rangi sukari mpaka inanata na maandazi mawili akasema mwacheni mtoto anywe kwanza. Nikanywa, pepo likaenda zake hahaha.

Nilikuwa sijala tangu jana yake mchana. Kwetu Tandale pasi ndefu, yani kuruka milo, ilikuwa ndo ratiba, mama anauza samaki wa kukaanga, biashara ikilala unapimwa unga robo na wadogo zangu wanaanza. Ada ilifutwa 2016, sawa, bila hiyo ningekuwa nyumbani, ila chakula cha mchana shuleni kilibaki mchango wa wazazi, na ambao wazazi wao hawajachanga kengele ikilia wanajua pa kwenda. Sisi tulikuwa tunaenda bombani. Unakunywa maji mpaka tumbo linacheza halafu unarudi darasani unachokonoa meno na kijiti, kama mtu aliyetoka kula nyama. Kile kijiti kilinimaliza kuliko njaa yenyewe.

Maana njaa unaizoea, ikifika saa nane inapita. Kazi ni kuificha. Nilikuwa na shoga yangu nyumba ya tatu, kila nikitokea wanakula mama yake ananiambia karibu mwanangu, mama mkwe wako anakupenda. Siku moja kaka yake akadakia, "Huyu mama mkwe wake anampenda kila siku?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na sikukanyaga tena pale mpaka tunahama. Nikaacha kwenda kwa watu, nikaacha kunyoosha mkono darasani, usiku silali napiga hesabu za mama, akipata elfu tano mchele nusu, mkaa, mafuta ya kupima, inabaki nini. Ripoti ya shule ikaandikwa mvivu na ana kiburi. Ningemwambia nani kwamba kichwa hakiko sawa, si ningeulizwa nimetoroka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili?

Wengine walichoka bomba mapema, bodaboda wa kijiweni akawa anawanunulia zege, yani chipsi mayai. Tuliwasema sana, mimi mmojawapo, eti wanapenda chipsi. Mmoja alipata mimba kidato cha tatu na enzi hizo ndo basi tena shule, ruhusa ya kurudi ilikuja Novemba 2021, yeye ameshazaa wa pili.

Nimekuja kusomea uuguzi ndo nikaelewa. Sukari ya damu ikishuka mwili unamwaga adrenalini, moyo mbio, jasho, mikono inatetemeka, yani dalili zile zile za mtu mwenye hofu, sasa mtoto wa miaka 15 anayeshinda hivyo kila siku atajuaje kama hii ni njaa au ni woga? Na msichana weka hedhi na damu pungufu juu yake. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 18, mi siyashangai hayo. Kuna namba ya watoto, 116, bure kabisa, ila mtoto aliyeshindwa kuitikia "nimekaribia" jirani akimwambia karibu, ataanzaje kumwambia mtu wa kwenye simu.

Mwezi uliopita walimu walituletea binti wa miaka 14 hapa zahanati, kaanguka, mapepo wanasema. Nikawatoa nje nikamuuliza jana usiku ulikula nini. Akajibu chap, hata hakuwaza, pilau. Jumatatu, tarehe 27, pilau.

Sikubishana nae. Nikatoka getini kutafuta chai.