Siku Moja Maishani Mwangu: Nikiwafuata Nyani wa Amboseli

Saa 12 asubuhi tunaondoka kambini, kwa sababu nyani hushuka kutoka kwenye migunga walimolala mara kunapopambazuka, na ukikosa kuwahesabu wakishuka utahangaika nao mchana kutwa. Mimi ni mtazamaji katika utafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, ulioanza mwaka 1971. Kazi yangu ni kuandika nani amempisha nani, nani amemchambua nani manyoya, na nani hakuonekana.

Saa 2 asubuhi dume kiongozi anamlinda jike aliye tayari kupandwa. Hali, hapumziki, na kila dume anayesogea humtolea meno. Ubongo wake umeona tishio: haipothalamasi, sehemu iliyo chini ya ubongo, imeiamuru tezi ya pituitari iliyo karibu nayo, nayo imeziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambazo humwaga kortisoli, homoni ya msongo, katika damu ili misuli ipate sukari, huku kazi zinazoweza kungoja, kama ukuaji, zikipunguzwa. Ni homoni ile ile inayompanda mtu mwenye deni anaposikia hodi.

Saa 4 amekunya. Nasubiri aondoke, nakikoroga kinyesi, nakitia katika chupa yenye alkoholi, kisha naandika jina lake, tarehe na saa. Hatuhitaji kumgusa, jambo ninalolipenda sana katika kazi hii, maana kumkamata tu kungempandisha hiyo homoni tunayotaka kuipima. Sampuli za namna hii, zilizokusanywa kwa miaka 9 kutoka kwa madume 125, zilionyesha katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 kwamba dume wa kwanza kwa cheo ana homoni za msongo nyingi kuliko wa pili wake kwa mbali. Tangu niyasome matokeo hayo, simwonei tena mkubwa yeyote wivu.

Saa 6 joto ni kali na kundi limejilaza kivulini.

Saa 8 namfuata jike mdogo aliyefiwa na mama yake katika kiangazi. Huyu ndiye anayenikaa moyoni. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya majike 196 wa hapa: waliopatwa utotoni na mikasa 3 au zaidi, kama vile ukame, kufiwa na mama, au kuzaliwa na mama wa cheo cha chini, walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wale waliopatwa na mkasa mmoja tu au wasiopatwa na wowote. Wetu amekwisha kupata miwili. Lakini data za hapa zinaonyesha pia kwamba majike wenye usuhuba mwingi na wenzao huishi zaidi, kwa hiyo kila anayemkaribia namwandika kwa uangalifu mkubwa.

Saa 11 jioni, karibu na migunga, jike mzee asiye wa ukoo wake anaketi nyuma yake na kuanza kumchambua manyoya. Naandika saa, majina yote mawili, na muda: dakika 7.